Mifupa Isilale Pamoja

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Paukwa nyumba, pakawa wenyewe. Paukwa fujo, pakawa mgeni. Sogeeni. Wewe Mwanamkasi, usikae peke yako huko mwisho. Hadithi hii haitaki mtu akae peke yake. Na nyinyi wakubwa sikilizeni, msiseme ni ya watoto.

Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walipokuwa na shule, na shule ikawa na likizo, palikuwa na Mama Nungunungu na watoto wake watatu. Wa kwanza msichana, jina lake Sikudhani. Wa pili mvulana, jina lake Havintishi. Wa tatu msichana, kitinda mimba, miiba yake bado laini kama majani machanga. Huyo ni Kidawa.

Waliishi ndani ya shimo, ubavuni mwa kilima cha mawe mekundu. Shimo hilo hawakulichimba wao. Lilichimbwa na Bi Mhanga, yule mwenye pua ndefu na kucha kama majembe. Mhanga huchimba, hukaa, huchoka na mahali, huhama. Nungunungu huja akaingia. Ndiyo desturi yao.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Cha mlangoni, cha kati, na cha nyuma. Cha nyuma kilikuwa na giza hata jua likiwa la utosini.

Baba hakuwapo. Baba alichukuliwa na chui mwaka wa ukame. Mama alibaki peke yake. Asubuhi hutoka kuchimba viazi pori. Jioni hurudi na viazi vinne, kimoja kimoja kila mtu na kimoja chake. Lakini tangu chui alipopita, Mama haingii ndani hivi hivi. Husimama mlangoni, mzigo begani, akaita.

"Sikudhani!"

"Labeka, mama!"

"Havintishi!"

"Naam, mama!"

"Kidawa!"

"Labeka, mama!"

Akisikia watatu, ndipo moyo unatulia. Ndipo anaingia. Ndipo anatua mzigo.

Basi siku moja Mwalimu Korongo akafunga shule. Akawaambia watoto wote wa kilimani, "Nakwenda ziwani kulea vifaranga. Mwezi ukiandama tena, njooni na vibao vyenu." Akapiga mbawa, pu! pu! pu! Akaondoka. Watoto wakashangilia mpaka mawe yakaitika.

Mama akawakalisha wanawe. Akasema, "Wanangu, mimi nakwenda porini kama kila siku. Nyumba nawaachia. Miiba yenu ikidondoka, okoteni mtie kapuni. Majani ya kulalia, asubuhi myakung'ute nje. Na mifupa..."

Hapa niwaeleze. Nungunungu meno yake hayakomi kuota. Asipoguguna yatampita midomo. Kwa hiyo huokota mifupa mikavu, ya wanyama waliokufa zamani, akaileta nyumbani akaiguguna. Krrr, krrr, krrr. Hiyo ndiyo kazi ya mfupa.

Mama akasema, "Mfupa ukishauguguna, urudishe ulikoutoa. Siku hiyo hiyo. Usiuache ndani. Mifupa isilale pamoja."

Havintishi akauliza, "Ikilala pamoja, mama?"

"Mama yangu aliniambia isilale pamoja. Mimi nawaambia isilale pamoja."

Akachukua kapu lake, akaenda.

Siku ya kwanza watoto walikuwa wazuri. Walikung'uta majani, waliokota miiba, mifupa waliirudisha. Mama aliporudi alikuta sakafu inang'aa. Akacheka. Siku nyingi alikuwa hajacheka.

Siku ya pili Havintishi alileta mguu mkavu wa digidigi. Akaguguna, krrr, krrr. Akachoka. Akauangusha pale pale.

Sikudhani akasema, "Mfupa huo."

Havintishi akasema, "Nitaokota baadaye."

Baadaye haikuja.

Siku ya tatu Sikudhani alileta mbavu za ngiri. Mbavu tano, sita. Akaziguguna amelala chali. Akaziacha. Havintishi akasema, "Na hizi?" Sikudhani akasema, "Siyo mimi." Zilikuwa zake! Alama za meno yake zilikuwa zimeandikwa juu ya mbavu hizo! Lakini akasema, "Siyo mimi."

Kidawa naye akaokota fuvu. Fuvu dogo, jeupe, la mtoto wa paa. Yeye hakuliguguna. Alilifanya mwanasesere. Alilifunika majani, akaliimbia, akalilaza mahali pake pa kulala. Ilipofika jioni Sikudhani akamwambia alipeleke nje. Kidawa akasema, "Mama akija ataliondoa."

Mama akaja. Akaita, wakaitika watatu, akaingia. Akatazama. Hakusema. Aliinama akaokota miiba, akaokota na majani, mgongo ukamuuma, akakaa chini. Akagawa viazi. Akalala na kapu lake bado mkononi.

Watoto wakatazamana. Havintishi akasema, "Unaona? Hakugomba."

Walidhani kunyamaza ni kukubali. Mtu aliyechoka sana, wanangu, hana hata nguvu ya kukataa.

Basi ikawa hivyo. Leo mfupa, kesho mfupa. Uti wa mgongo, bega, taya. Mguu wa pili wa digidigi, mguu wa ngiri, mguu wa kanga. Miiba imetapakaa, majani yamenuka. Ukiuliza, baadaye. Ukiuliza, siyo mimi. Ukiuliza, mama akija. Maneno hayo nayo yakawa yanatupwa humo ndani kila siku, kama mifupa.

Siku moja, mchana, jua kali, nje hata nzi hasikiki. Sikudhani alisimama chumba cha kati. Akatazama sakafu. Akasema, "Zile mbavu nilizi... zile mbavu zilikuwa hapa."

Mbavu hazikuwapo. Mguu wa digidigi haukuwapo. Akachungulia chumba cha nyuma. Mifupa yote ilikuwa kule, gizani, imelala karibu karibu.

Akauliza, "Nani kaipeleka huku?"

Havintishi akasema, "Siyo mimi."

Kidawa akasema, "Siyo mimi."

Na kule nyuma, gizani, sauti ikasema, "Siyo mimi."

Wote watatu wakageuka.

Ilikuwa sauti ya Sikudhani. Lakini Sikudhani alikuwa amefumba mdomo. Ameuziba kwa mikono miwili!

Havintishi, jina lake mnalijua, alisema, "Havintishi vitu hivi." Akaenda. Hatua moja, hatua mbili. Akachungulia. Akarudi. "Ni mifupa tu," akasema. Lakini miiba yake ilikuwa imesimama, nayo inacheza, chaka chaka chaka.

Sikudhani akasema, "Tumwambie mama."

Havintishi akasema, "Tukimwambia, atatuambia tusafishe."

Hawakumwambia. Wakachukua majani machafu wakaifunika mifupa. Kitu ukikifunika hukioni. Usipokiona, unasema hakipo.

Kuanzia siku hiyo miiba ya sakafuni ikaanza kupungua. Jana miiba hapa, leo hakuna. Hakuna aliyeokota, na kapu tupu. Sikudhani akafurahi. Akasema, "Uchafu unajiondoa wenyewe!" Na mchana, walipokuwa wamejilaza, walisikia mlio kule nyuma.

Ko. Ko. Koko.

Ko. Ko. Koko.

Kama mtu anayejifunza kutembea kwa miguu isiyolingana.

Jioni Mama akafika. Kidawa alikuwa anasinzia pembeni ya dada yake. Mama akaita mlangoni.

"Sikudhani!"

"Labeka, mama!"

"Havintishi!"

"Naam, mama!"

"Kidawa!"

"Labeka, mama!"

Sikudhani akamtazama Kidawa. Kidawa alikuwa amelala. Mdomo wake haukufunguka.

Mama akaingia. Akatua mzigo. Akagawa viazi. Kimoja Sikudhani, kimoja Havintishi. Akageuka upande wa pili, kwenye kona, akaweka kimoja. Akakaa na chake.

Kidawa akaamka. "Mama, na mimi?"

"Wewe si nimekupa?"

"Hujanipa, mama."

Mama akafikicha macho. Kwenye kona, pale giza linapoanzia, palikuwa na kitu kidogo kimesimama. Kina miiba. Kimesimama upande upande. Kiazi kilikuwa mbele yake, nacho hakili, kinatazama tu. Kutazama kwenyewe kwa matundu mawili.

Mama alikuwa amechoka. Aliona miiba, aliona kimo cha mtoto, akatosheka. Akampa Kidawa nusu ya kiazi chake, akasema, "Usirudie kudai mara mbili." Akalala.

Asubuhi kiazi cha kwenye kona kilikuwa palepale, na kona ilikuwa tupu. Mama akaaga. "Kwaheri Sikudhani. Kwaheri Havintishi." Akaelekeza uso chumba cha nyuma. "Kwaheri Kidawa." Akampita Kidawa mwenyewe mlangoni, akampita kama anavyopita jiwe.

Kidawa akasema, "Mama."

Mama hakugeuka.

Mwanamkasi, unaniuliza kwa nini hakugeuka? Sauti ya Kidawa ilikuwa imeanza kupungua. Ilitoka nyembamba, kama upepo unaopita kwenye bua.

Siku hiyo kutwa Kidawa alisema anasikia baridi. Jua kali, yeye baridi. Jioni Mama akaita. Kidawa alijitahidi. Alifungua mdomo, akavuta pumzi. Kabla hajatoa neno, chumba cha nyuma kikaitika, "Labeka, mama!" Sauti nzuri, nzito kidogo, imeshiba. Mama akaingia. Kiazi kikaenda kwenye kona. Safari hii Kidawa hakudai. Sikudhani alimpa chake, lakini Kidawa hakuweza kukimeza.

Kesho yake, mchana, jua la utosini, mtu akabisha hodi.

"Hodi!"

"Karibu! Shikamoo, Bi Mhanga."

"Marahaba, wajukuu." Bi Mhanga akaingiza pua yake ndefu mlangoni. Pua tu. Mwili akauacha nje. Alikuwa anapita, akataka kuitazama nyumba aliyoichimba enzi za ujana wake. Akanusa kulia. Akanusa kushoto. Masikio yake marefu yakasimama.

"Nyumba hii ina watoto wangapi?"

"Watatu, bibi."

"Nasikia pumzi tatu," akasema Bi Mhanga. "Lakini nasikia miguu kumi na sita."

Sikudhani akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Watoto watatu, miguu kumi na miwili.

"Huyo mdogo yuko wapi?"

Wakageuka. Kidawa hakuwapo mlangoni. Hakuwapo chumba cha kati. Mahali pake pa kulala palikuwa pamejaa miiba iliyovunjika na majani yaliyooza, hapalaliki. Kidawa alikuwa amekwenda kutafuta pa kulala.

Wakakimbia nyuma. Wakafunua majani.

Kile kitu kilikuwa kimekaa. Miguu ya mbele ya digidigi, mguu mmoja wa nyuma wa ngiri, mwingine wa kanga. Mgongo wa mnyama huyu, bega la mnyama yule. Juu ya mifupa kimejichomeka miiba yao, mmoja mmoja, safu kwa safu. Kichwa ni fuvu dogo jeupe. Na ndani ya mbavu, mbavu za ngiri, zimefungwa kama vidole vya mikono miwili, alikuwa amelala Kidawa.

Alikuwa anapumua. Kidogo. Kidogo sana.

Havintishi akarudi nyuma mpaka ukutani. Akasema, "Dada, naogopa." Tangu azaliwe hajawahi kulisema neno hilo.

Sikudhani akatoka mbio mlangoni. "Bi Mhanga! Bibi! Tusaidie!"

Bi Mhanga akaondoa pua yake. Akasema kutokea nje, "Kimeitikia jina la mdogo wenu mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Jina likiitikiwa mara tatu huwa la aliyeitika. Leo mama yenu akiita, kikijibu, kile ndicho kitakuwa mtoto. Na yule aliye ndani ya mbavu atakuwa mifupa. Mna mpaka jioni."

"Ingia utuvunjie, bibi! Una kucha kali!"

"Mimi nilichimba tu. Mfupa haumsikii asiyeutupa. Kila mmoja aondoe wake, aurudishe ulikotoka. Msichelewe." Akaenda zake, na hakutazama nyuma.

Sikudhani akarudi ndani. Akashika ubavu wa kwanza. Akavuta. Haukutoka. Akavuta kwa nguvu zote, miguu ikateleza. Kile kitu kikageuza fuvu polepole. Kikamtazama kwa yale matundu. Kikasema kwa sauti yake mwenyewe, "Siyo mimi."

Sikudhani akalia. Akasema, "Ni mimi."

Ubavu ukalegea.

"Ni mimi! Nilizileta mimi, nikaziacha mimi, nikasema uongo mimi!"

Ko! Ubavu ukaanguka. Akauokota akakimbia nao nje, mpaka kwenye mabonde ya ngiri, akauweka ulipokuwa. Akarudi mbio. Akashika wa pili.

Havintishi akaona. Akautoka ukuta. Akashika mguu wa digidigi. Kile kitu kikasema kwa sauti ya Havintishi, tena kwa upole, "Nitaokota baadaye. Jua bado liko juu. Baadaye."

Havintishi akasema, "Sasa." Meno yake yanagongana. "Ni mimi niliyeutupa, na naurudisha sasa."

Ko!

Wakaanza kukimbia. Huyu anaingia, yule anatoka. Na walikuwa wanaimba ili wasiisikie ile sauti. Nanyi niitikieni. Nikisema mimi, nyinyi semeni "Nenda!"

Mfupa wa bonde — Nenda!
Mfupa wa jiwe — Nenda!
Wenyewe tupo — Nenda!
Hapa si kwenu — Nenda!

Jua likapinda. Uti wa mgongo ukatoka, pingili moja moja, na kila pingili njia yake. Bega likapelekwa juu kilimani, taya likapelekwa mtoni. Mguu wa kanga ulitoka kwenye kichaka cha miiba mirefu, Havintishi akachanwa uso, akarudi na damu, hakusimama kuifuta. Miiba waliing'oa wakaitia kapuni. Miiba ya Sikudhani, miiba ya Havintishi, na ile laini laini ya Kidawa. Majani machafu wakayasukuma nje. Kadiri walivyotoa, ndivyo nyumba ilivyozidi kuwa kubwa, na ndivyo kile kitu kilivyozidi kusema. Miguu hakina, kinasema. Mgongo hakina, kinasema. Siyo mimi. Baadaye. Siyo mimi. Baadaye.

Jua likaegemea. Sikudhani akarudi kutoka kupeleka ubavu wa mwisho. Amechoka hadi anaona mawili mawili.

Sasa limebaki fuvu peke yake. Lilikuwa limelala juu ya kifua cha Kidawa, shavu kwa shavu, kama mtoto aliyebebwa.

Sikudhani akalivuta. Halitoki. Havintishi akalivuta. Halitoki. Wakavuta wote wawili. Lilikuwa zito kama kilima chenyewe.

"Ni la Kidawa," akasema Sikudhani. "Kidawa ndiye aliyelileta."

Wakamtikisa. "Kidawa! Kidawa, amka!" Kope zake zikatikisika. Midomo yake ilikuwa myeupe. Fuvu likasema, kwa sauti yake tamu, "Mama akija. Mama akija ataliondoa."

Na nje, kwenye kokoto, wakasikia miguu. Mizito. Inakuja. Pu. Pu. Pu.

Mama amekuja.

Havintishi akataka kwenda mlangoni kumzuia asiite. Miguu ilimkatalia, alikuwa ameimaliza mbioni. Akaanguka chumba cha kati.

"Sikudhani!"

Sikudhani akaitika, machozi yanamtoka. "Labeka, mama!"

"Havintishi!"

"Naam, mama!"

Sikudhani akainama kwenye sikio la mdogo wake. Akasema haraka, "Mdogo wangu, mimi ndiye niliyesema uchafu unajiondoa wenyewe. Mimi ndiye mkubwa. Nisamehe. Fungua mdomo. Mama akusikie hata kidogo tu. Fungua mdomo, Kidawa."

Mlangoni Mama akavuta pumzi.

"Kidawa!"

Meno ya fuvu yakaachana. Taratibu. Neno lilikuwa linapanda.

Na Kidawa akafumbua macho. Akaliona lile fuvu, karibu kabisa, mwanasesere wake. Akaona hakuna tena mbavu, hakuna miguu, nyumba imefagiliwa. Akajua kilichobaki ni chake. Akasema kwa ule uzi wa sauti uliombakia, "Ni mimi, mama. Ni mimi niliyelileta. Ni mimi Kidawa."

Ko!

Fuvu likaanguka ubavu. Likabiringika. Likanyamaza.

Mlangoni Mama alisimama. Mzigo bado begani. Alisikia sauti ile, nyembamba, imekwaruza. Haikuwa nzuri kama ile ya jana. Na mwili wake wote ukasisimka, miiba ikasimama, kwa sababu hapo ndipo alipotambua kwamba siku mbili alikuwa hajaisikia.

Akautupa mzigo. Viazi vikatawanyika. Akapita chumba cha mlangoni, akapita cha kati, akafika cha nyuma. Akamchukua Kidawa akamweka kifuani. Alikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Nilikupita," Mama akasema. "Jana asubuhi nilikupita mlangoni. Nilikuaga, nikakupita."

Watoto wakamweleza yote. Hawakuficha. Sikudhani alisema yake, Havintishi alisema yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwapiga. Alisema, "Na mimi nilinyamaza. Niliona fujo tangu siku ya tatu, nikanyamaza kwa uchovu. Kesho nikichoka, nitawaambia nimechoka."

Halafu akasema, "Jua bado halijazama. Kidawa, ulilitoa wapi?"

Wakaenda wote wanne. Mama amembeba Kidawa, Kidawa amebeba fuvu. Wakafika chini ya kilima, kwenye nyasi fupi, palipokuwa na mifupa mingine midogo ya yule mtoto wa paa, imetulia, inamngoja mwenzake. Kidawa akaliweka. Hakuliimbia. Akasema tu, "Samahani. Una kwenu." Wakarudi.

Joto lilimrudia Kidawa siku ya saba. Sauti ilirudi pia, lakini si yote. Mpaka akawa mkubwa, mpaka akawa na watoto wake, akiita ilibidi wanyamaze wote ndipo wamsikie.

Siku zilizobaki za likizo, nyumba ile ilikuwa safi. Si kwa hofu peke yake. Asubuhi, kabla Mama hajatoka, walikuwa wanafagia naye, dakika chache tu, wanne pamoja, na kazi iliyomvunja mgongo mmoja ikawa nyepesi kwenye migongo minne.

Basi mafunzo yake ni haya. Nyumba si ya mama peke yake, ni ya kila anayelala ndani. Ulichokitupa wewe, kiokote wewe, tena leo, na ukiulizwa sema ni mimi. Usipokiokota, atakuja kukiokota mwingine, nawe hujui huyo mwingine ni nani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyo tamu chukueni, iliyo chungu niachieni mimi. Na kila mtu, kabla hajainuka, akunje mkeka wake.